Maji Chini ya Kitanda cha Mama

Ardhi ya Kamembe ikitikisika, watu hutoka nje, husimama barabarani wakitazama nyaya za umeme zinavyoyumba, halafu hucheka, hutukana kidogo, na kurudi ndani kumalizia chai. Kwetu hatukurudi ndani haraka. Tulikuwa tukingoja sauti ya pili. Ardhi ilipokwisha kunyamaza, ndipo maji yaliyokuwa chini ya nyumba yetu yalipoanza. Buu, upande wa ziwa. Kimya. Buu, upande wa barabara. Yalikwenda na kurudi gizani kama mtu aliyefungiwa chumbani anayejaribu ukuta huu na ule, mpaka yachoke yenyewe.

Tangi hilo alilichimba baba. Alikuwa fundi mwashi, na kiwanja chetu kilikuwa chembamba, kimeegemea mteremko unaoshuka kuelekea ziwani, hakina mahali pa kuweka kitu kikubwa juu ya ardhi. Basi akashuka chini. Alichimba kwa sururu na ndoo, akajenga kuta za mawe, akapiga lipu, akafunika kwa zege, akaacha mlango mdogo wa mfuniko wa chuma uani. Mvua ya mabati yote iliingia humo. Watoto tulipoongezeka na nyumba ikawa ndogo, alijenga chumba kimoja zaidi juu ya zege lile lile, ukuta wake mmoja ukiwa umekaa juu ya ukuta wa tangi. Ndicho kilichokuja kuwa chumba cha Mama. Kwa hiyo tangu siku hizo Mama alilala juu ya maji, na baada ya baba kufa alilala hapo peke yake.

Mimi nimekuwa mtu wa kuondoka. Nimekaa Bujumbura, Uvira, Kigoma, nimekuwa utingo wa magari ya mafuta mpaka pwani na kurudi. Sikuwahi kujenga. Mtu akiniuliza kwetu ni wapi, kilichonijia akilini hakikuwa Rwanda wala Kamembe. Ulikuwa mfuniko ule wa chuma, na baridi iliyonipiga usoni ulipofunguliwa. Mtu anayehamahama anahitaji angalau kitu kimoja kisichohama.

Mwaka huo ardhi haikuwa inatulia. Nilikuwa Uvira dada yangu aliponipigia simu. Yeye ameolewa ng'ambo ya mto, Bukavu, upande wa Kongo, anauza vitenge, na huvuka daraja mara kwa mara kumwona Mama.

"Grand, kuya," aliniambia; kwao kaka mkubwa huitwa Grand. "Ukuta ya chumba ya Mama imepasuka. Nimemwambia tuende kwangu, amekatala. Pengine weye atakusikia, juu weye hauko hapa kila siku."

Nilifika masika yakiwa yanaishia. Ufa nilioukuta ulikuwa mwembamba kama unywele, umeanzia chini kwenye sakafu, umepanda nyuma ya kitanda. Mama alikuwa ameufunika kwa kalenda ya msikiti.

"Unatazama nini?" akaniuliza. "Kula kwanza."

Tukiwa tunakula, ardhi ikapita chini yetu, tetemeko dogo tu. Vikombe vikagongana kabatini. Dada akashika meza. Mimi nikangoja buu, na buu haikuja. Yalisikika maji yakinung'unika kidogo, basi.

Nikaenda kufungua mfuniko. Tangi lilikuwa limejaa mpaka karibu na zege. Nikaelewa mara moja, na nikajua pia kitakachofuata.

Dereva niliyefanya naye kazi miaka mingi alikuwa na msemo wake: kujaa ni rafiki, kuwa tupu ni rafiki, nusu ndiyo shetani. Gari la mafuta likijaa kabisa, mafuta hayana pa kwenda. Likiwa tupu, hakuna cha kukusukuma. Lakini likiwa nusu, ukishika breki kwenye mteremko, mzigo wote unakuja mbele kama ng'ombe dume na kukusukuma mgongoni, kisha unarudi nyuma na kukuvuta. Kwa hiyo magari hayo yana kuta ndani yake, kuta zenye matundu, ili mafuta yapite kidogo kidogo na nguvu yao ivunjike njiani. Tangi la baba halikuwa na ukuta ndani. Lilikuwa chumba kimoja kikubwa. Na kila mwaka, mvua zikishaisha, sisi wenyewe kwa mikono yetu tulikuwa tunalifanya nusu.

Ilikuwa nadhiri. Siku alipomaliza kulijenga, baba aliapa kwamba nusu ya maji ya kila masika itakuwa ya majirani. Kwenye ukuta wa ndani, katikati ya kimo, aliacha jiwe moja limechomoza. Maji yaliyo juu ya jiwe ni ya watu. Yaliyo chini ni yetu. Ijumaa ya kwanza ya kiangazi, baada ya sala, mfuniko hufunguliwa na watu huja na madumu, huchota mpaka jiwe lionekane. Hakuna aliyewahi kuchota baada ya jiwe kuonekana, wala sisi hatukuwahi kugusa maji kabla halijaonekana.

"Mama," nilimwambia, "mwaka huu tuliache limejaa. Mwaka huu tu. Mpaka ardhi itulie."

"Na bantu?"

"Watachota kidogo kidogo, na mvua ya Septemba italijaza tena."

"Baba yako hakusema kidogo kidogo. Alisema nusu."

"Baba hakujua ardhi itatikisika hivi."

Alicheka. "Baba yako alizaliwa hapa. Ardhi ilikuwa inatikisika akiwa tumboni."

Dada akadakia, "Basi kuya kwangu, Mama. Acha bachote, weye ukuwe Bukavu. Nyumba ikianguka, ianguke bila muntu."

Mama akaosha mikono taratibu, akaifuta kwa upande wa kanga. "Sikieni. Mimi ninakaa na maji ya baba yenu. Siku maji yatahama, na mimi nitahama. Mbele ya hapo, musinisumbue."

Alisema hivyo, na sote tuliona mambo yamekwisha. Maji yangehama vipi?

Ijumaa hiyo walikuja. Uani kulijaa madumu ya njano, na mwenye nyumba ya chini yetu, mama mmoja mnene anayelima magimbi kwenye kipande chake cha mteremko, alikuwa akiwatania wanaume.

"Papa, hilo dumu limetoboka, au unataka kumwagilia barabara mpaka kwako?"

"Maman, weye chota yako. Magimbi yako yanakunywa kuliko ngombe!"

Mama alikaa kwenye kiti karibu na mfuniko, akijibu kila baraka kwa amina. Mimi nilikuwa ndiye mwenye kamba. Kila ndoo niliyoivuta niliihisi kama ninavuta tofali kutoka kwenye ukuta wake. Jiwe la baba lilipotokeza, jeusi, linalometameta, watu walimshukuru Mungu na kuondoka. Nilibaki nimepiga magoti juu ya tundu, nikiangalia nusu.

Tetemeko lilikuja mchana mmoja wa juma lililofuata, Mama akiwa ameinama kwenye sala ya adhuhuri. Kwanza mbwa, kisha mabati, kisha sakafu yenyewe. Lilikoma kabla sijafika mlangoni. Halafu, buu. Sijawahi kuisikia hivyo. Haikuwa sauti ya maji. Ilikuwa sauti ya lori linalorudi nyuma na kugonga ghala. Buu, na kipande cha lipu kikaanguka mabegani mwa Mama. Buu, na kalenda ikateleza kutoka msumarini. Mama hakukata sala. Alitoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto, akapangusa vumbi mabegani. Kwenye ufa nyuma ya kitanda kidole changu kiliingia.

Fundi wa mtaa wetu, aliyejifunza kazi kwa baba, alikuja kutazama. Alipiga ukuta kwa nyundo, akasikiliza, akaomba tutoke nje kuzungumza.

"Mzee," akaniambia, "maji ndiyo yanagonga. Jaza udongo humo, tangi life, chumba kipone. Ao bomoa chumba, tangi lipone. Vyote viwili, hapana."

"Tukijenga ukuta ndani, wenye matundu, kama gari la mafuta?"

"Wazo ni zuri. Lakini nitajenga ndani ya maji? Lazima tulimwage lote, na saruji ikae ikauke wiki nyingi. Mama yako atakubali tumwage?"

Hakukubali. Yale ya chini ya jiwe yalikuwa ndiyo kiangazi chake chote. Bomba la mtaa hutoa maji siku linapotaka. Tena alisema kumwaga maji ya nadhiri ni jambo ambalo hata kulitamka hataki.

"Kama angekuwa mama yangu," fundi alisema akiwa anaondoka, "ningemtoa leo."

Nilifanya nilichoweza kukifikiria. Nilinunua mbao, nikashuka ndani kwa ngazi, maji yakinifika kifuani, baridi ya kukata pumzi, nikazikaza mbao kati ya ukuta na ukuta, moja juu ya nyingine, nikiacha nafasi kati yake. Dada alinimulikia tochi kutoka juu huku akisoma kila dua aliyoijua. Nilitoka nikitetemeka na nikiwa na furaha. Nilimwambia Mama, sasa yana uzio.

Uzio haukudumu. Mbao zilivimba, zikapinda. Tetemeko lililofuata lilizing'oa zote, na maji yakawa na silaha. Badala ya buu tulisikia ta, ta, ta, mbao zikipigapiga kuta kama watu wanaovunja mlango. Mama, ambaye sikuwahi kumwona akiogopa, alikuwa amekaa kitandani ameshika godoro kwa mikono miwili.

"Papa," aliniita, kama alivyoniita nilipokuwa mdogo, "umeweka nini chini yangu?"

Nilishuka tena kuzitoa. Kwenye ukuta, chini ya jiwe la baba, mbao zilikuwa zimechonga lipu mpaka kwenye mawe. Nilizitupa uani na kukaa juu ya rundo lao. Jioni hiyo nilitamani kuondoka. Miguu yangu inajua kazi moja tu, na ilikuwa inaniomba niiruhusu. Lakini ningesema kwetu ni wapi?

Kilichonizuia ni kitu kidogo. Asubuhi bomba la mtaa lilitoa maji, na wasichana wakapita njiani wakiwa na ndoo kichwani. Juu ya maji ya kila ndoo palikuwa na kipande cha jani la mgomba. Nimeliona jambo hilo tangu kuzaliwa. Tukiwa wadogo tulikwenda na Mama kwenye chemchemi upande wa Mururu, na kabla ya kujitwisha alichuma jani, akalilaza juu ya maji, na alipanda mlima wote bila kumwagikiwa. Jani halizuii maji kwa nguvu. Linayalalia tu, na maji yakitaka kuinuka yanakuta kuna kitu juu yake.

Nikakimbilia kwa Mama. "Tulifunike kwa majani!"

"Majani yataoza," alijibu hapo hapo. "Kwenye ndoo jani linakaa mpaka nyumbani tu. Kwenye tangi litaoza, maji yatabadilika rangi na harufu. Nitatawadha na nini? Nitapika na nini?"

"Kitu kingine basi. Kitu kisichooza."

Alifikiri. Ilikuwa mara ya kwanza alipofikiri pamoja nami badala ya kunikatalia. "Chupa," alisema. "Chupa za maji. Tupu, zimefungwa."

Neno likazunguka mtaani. Watu wale wale waliokuja na madumu kuchota walikuja sasa na chupa za plastiki, kwenye magunia, kwenye beseni, wengine wakiziokota kwenye maegesho ya magari. Mama alizikagua moja moja kama anayenunua mayai. Isiyo na kizibo, rudisha. Iliyokuwa na soda, kaoshe tena. Dada alileta kutoka ng'ambo nyavu kuukuu za wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa letu, tukazichemsha, tukashona mifuko mipana na kuijaza chupa. Mwenye magimbi alitusaidia kushona.

"Mungu amenikumbuka mwaka huu," alisema huku akivuta uzi kwa meno. "Kiangazi hiki, na magimbi yangu yamesimama mabichi kabisa. Nadhani ni dua za Mama yenu."

Tulicheka. Mama alisema amina.

Kabla ya kuingiza nyavu tulichota maji ya kujaza mapipa uani, ili tusilazimike kufungua na kuvuruga kazi. Kisha nikashuka kwa mara ya mwisho na kuitandaza mifuko juu ya maji, ukuta hadi ukuta. Niliyasukuma maji kwa mikono yangu yote. Yaliinuka kidogo, chupa zikasuguana, yakalala. Niliyasukuma tena. Yakalala. Nilifunga mfuniko na kupiga magoti juu yake.

Siku zikapita bila kitu, na kila moja ilikuwa ndefu. Halafu lilikuja, alasiri, tukiwa wote watatu uani, Mama akichambua maharage. Lilikuwa kubwa kuliko yote. Ukuta wa jirani ulidondosha matofali. Dada alilala chini kifudifudi. Mama alishika ungo. Lilipokoma nikahesabu pumzi zangu, nikingoja.

Hakuna. Hakuna buu, hakuna ta, hakuna hata manung'uniko. Kimya kabisa.

Dada aliinuka na kupiga vigelegele mpaka watu wakachungulia. "Grand! Umeweza! Ai, Mungu wangu, umeweza!" Alinikumbatia, akaruka nami kama tulivyoruka utotoni. Nililia, sioni aibu kusema. Nilikuwa nimekifanya kitu kimoja maishani kikakaa.

Mama hakuinuka. Alikuwa ameinamisha kichwa upande.

"Leteni ndoo," alisema.

Nilifungua mfuniko, yeye mwenyewe akashusha ndoo kwa kamba. Kamba ikaenda, ikaenda. Tulikuwa tunangoja ndoo iguse chupa pale karibu na jiwe. Kamba ikapita jiwe. Ndipo tukasikia mgongano mkavu, chupa na bati, chini kabisa.

Nilimulika tochi. Nyavu zetu zilikuwa zimelala sakafuni kama samaki waliovuliwa. Hapakuwa na maji. Kwenye ukuta wa chini, upande wa mteremko, pale mbao zangu zilipochonga, ufa ulikuwa umesimama wima, mweusi, unalowa bado. Maji yalikuwa yanatoka polepole siku zote zile tulizokuwa tunasikiliza, yanapita chini ya chumba, yanashuka kwenye magimbi.

Dada alianza kuokota maharage yaliyomwagika, moja moja.

Fundi alikuja, akashika udongo chini ya msingi, akaukamua mkononi. Ulikuwa tope. Alimtazama Mama, si mimi. "Maman, sasa hata mimi siwezi kuingia humo kujenga. Nyumba imekaa juu ya uji."

"Nimesikia," Mama alisema.

Aliingia chumbani. Nilidhani amekwenda kulia, au kusali. Alitoka na blanketi lililokunjwa na kalenda ya msikiti.

"Maji yamehama," alisema. "Si nilisema? Tafuteni gari."

Nilimwomba. Mimi niliyetoka Uvira kuja kumshawishi aondoke, nilimshika kanga nikimwomba akae, nikimwambia nitapata saruji, nitapata watu, Septemba mvua itakuja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Papa, weye unataka nilinde mulango ili ukipita siku moja uukute," alisema, bila ukali. "Nimechoka kulinda mulango."

Kesho yake tulivuka daraja kwa miguu, mizigo ikiwa imetangulia na gari. Mama alikataa kuingia garini kwa sababu ya ndoo. Alikuwa ameichota kutoka kwenye pipa, maji ya mwisho ya baba, akaikatia jani la mgomba na kulilaza juu yake, na alikataa katakata mtu mwingine aibebe. Alitembea nayo kichwani, mzee kama alivyo, mkono mmoja tu umeigusa.

Kijana wa ukaguzi alimsimamisha. "Mama, umebeba nini?"

"Maji."

"Maji?" Akamgeukia mwenzake. "Sikia huyu. Mama, Bukavu hakuna maji? Ziwa lote hilo?"

"Iko," Mama alijibu. "Lakini haya nusu yake si yangu. Huko ninakoenda nitatafuta jirani."

Kijana alicheka, kisha akaacha kucheka, akainua kizuizi. Mto ulikuwa unapiga kelele chini yetu, na daraja, kama kawaida yake malori yanapopita, lilitetemeka. Nilitembea nyuma yake nikiitazama ndoo. Jani lilipanda kidogo, likashuka kidogo. Mgongo wa Mama ulikuwa mkavu.